Kamusi Tuliyoikata Vipande

Marahaba, marahaba. Kaeni basi, msisimame kama mnasubiri kuitwa majina. Aliyepata kigoda chenye mguu mbovu asijitikise, atajikuta chini.

Nimewasikia mkibishana kabla hata hamjafika kwenye banda la kuku. Kamusi ya kitabu na kamusi ya kwenye simu, ipi bora. Mmoja wenu akasema twende kwa yule mama aliyekuwa mkutubi, yeye ndiye ataamua. Haya, mmefika. Ila mimi sina tabia ya kuamua ugomvi wa watu kabla sijasimulia, na nikianza kusimulia sina breki. Mwenye haraka ya basi la Mikumi aondoke sasa, sitanuna.

Kwa msionijua, nilikuwa mkutubi wa shule ya sekondari ya kutwa, upande huu wa Masanze, mpaka umri ukanitoa. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe kabla sijaingia mimi. Vitabu vilinuka kutu. Mkuu wa shule aliponikabidhi funguo aliniambia, "Mama, jitahidi." Mafunzo yangu ya kazi yalikuwa hayo tu kutoka kwake.

Kazi yenyewe nilifundishwa na mzee mmoja wa Kidete, Mzee Lukasi. Huyu alikuwa akijalidi madaftari ya reli enzi zake, akastaafu, akabaki pale karibu na stesheni akilima mpunga kando ya Mkondoa. Nilikuwa napanda treni Kilosa na mkoba wa vitabu vilivyovunjika mgongo, nashuka kwake, narudi nayo ikirudi. Ikichelewa, nalala kwa mkewe. Watu wa stesheni walidhani nauza vitumbua.

Mzee Lukasi hakuwa mtu wa kusifia. Kitabu cha kwanza nilichokishona mbele yake nilikishona vizuri sana, kamba imebana, jalada limenyooka, nikampa kwa mikono miwili. Akakifungua, akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza kama wanafunzi wangu husoma wakiwa wamening'inia kama popo. Nilikuwa nimeshona nusu ya kitabu miguu juu. Mkewe alicheka mpaka akaacha chungu kikaungua, na mchana ule tulikula ubwabwa wa ukoko.

Basi andikeni haya, maana hakuna atakayewafundisha siku hizi. Gundi ya dukani iacheni. Pikeni uji mwembamba wa unga wa ngano, koroga usipate mabonge, ukishaepua tia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, hata ncha ya kisu inatosha. Mrututu ndio unaowakimbiza mende. Ila ni sumu, kwa hiyo sufuria hiyo isirudi jikoni, na mkono unawe. Uzi tumieni wa katani, ule mwembamba, msokote kwa nta ya nyuki ndipo uuingize kwenye shazia, ile sindano nene. Sisi watu wa huku katani tumezaliwa nayo, hatuna sababu ya kununua uzi wa dukani. Jalada ni boksi la sabuni. Na soletepu, wanangu, soletepu isikaribie kitabu. Leo inashika, mwakani imegeuka njano, inabanduka na maneno yote. Nimeona ukurasa mzima umehamia kwenye soletepu, kitabu kimebaki cheupe.

Sasa tuje kwenye hiyo kamusi.

Ile ilikuwa miaka ya soko huria, mambo yalikuwa yamefunguka. Nyinyi hamkujua foleni ya sabuni, sisi tuliijua. Ghafla maduka ya Kilosa yakajaa. Redio, viatu vya plastiki, mitumba mpaka barabarani, manukato ambayo ukijipulizia unapiga chafya wewe mwenyewe. Kila kitu kipo. Shuleni kwetu, kamusi ilikuwa moja. Moja nene, ya Kiingereza na Kiswahili, ya shule nzima, na sekondari kama mjuavyo ni Kiingereza kuanzia siku ya kwanza. Mtoto katoka darasa la saba hajui kuomba maji kwa Kiingereza, kesho anafundishwa mapafu ya chura kwa lugha hiyo hiyo.

Kidato cha kwanza walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwangu. Wa mbele anatafuta neno, wa nyuma wanamzomea kwamba anachelewa, na aliye nyuma kabisa kengele inalia hajafika. Nilikuwa nawaangalia wale wa mwisho wakirudi darasani na daftari tupu, roho inaniuma kweli.

Ndipo nikapata wazo la kuikata.

Nilimwambia Mzee Lukasi. Aliinuka akaenda kuangalia mpunga wake, akakaa huko. Aliporudi akaniambia kwamba maisha yake yote alikuwa akiunganisha vitabu, sasa mwanafunzi wake anataka kuchinja. Nikamweleza ile foleni. Akauliza wa mwisho kwenye foleni ni akina nani. Nikamwambia ni wadogo wadogo, wanaosukumwa. Akamwita mkewe amletee kile kisu chake cha kukatia ngozi.

Tuliikata wote wawili. Alinionyesha pa kupitisha kisu ili mishono ya pande zote mbili isilegee, akaomba radhi kwa kamusi kabla ya kila kipande, siwatanii. Vikatoka vijitabu vinane, kila kimoja na jalada lake la boksi na herufi zake juu kwa rangi. Herufi nyingine zilikaa pamoja kama wapangaji, lakini C alipata chumba chake na S alipata chake, maana kwa Kiingereza hao wawili ni wanene.

Darasani kwao kila kijitabu nilikipa mwenyewe mmoja wa kukitunza kwenye dawati lake. Mwanzo walikuwa wanarushiana. "Nirushie P." P inaruka, inatua kwenye ndoo. Nikaweka sheria na sikutania: kijitabu hakitoki kwenye dawati la mwenyewe. Ukitaka neno, inuka, nenda, kaa naye, tafuta, sema asante, rudi. Walimu walilalamika kwamba darasa limekuwa gulio. "Nani ana G?" "Njoo huku." "Nani ana S?" Kweli lilikuwa gulio, lakini lile gulio lilikuwa linasoma.

Msichana aliyekuwa na S aliitwa Minza. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa mfugaji, Msukuma, alikuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa wakaweka kambi huku bondeni. Minza alikuwa mkimya. Kiswahili alikuwa anakijua, ila alikisema taratibu, anachagua neno kama mtu anayechambua mchele, na wenzake waliposubiri wakachoka wakamwacha. Tena kulikuwa na jambo jingine. Msimu ule ng'ombe wa Masanja walikuwa wameingia kwenye mashamba ya watu. Mambo yalifika baraza la kata, yakasuluhishwa kwa mdomo, mioyoni hayakusuluhishwa. Watoto wakayabeba mpaka darasani. Minza alikaa dawati la dirishani, peke yake, kwenye benchi la watu watatu.

Msidhani nilimpa S kwa ujanja fulani. Nilimpa kwa sababu S ndiyo ilikuwa inashikwa sana, na nilikuwa nimeviona vidole vyake. Mtu aliyezoea kukamua tangu utotoni habinyi karatasi. Wenzake walikuwa wanageuza ukurasa kana kwamba wanavuna karanga, yeye anauinua kwa pembe. Basi. Sababu ya kazi.

Siku za mwanzo watoto walipiga chenga. Waliandika insha za ajabu, wanazunguka neno mpaka linachoka, ili mradi wasiende dirishani. Mkorofi mkubwa alikuwa Hassani, kijana mrefu, mtoto wa mjane mmoja wa hapa hapa ambaye mahindi yake ndiyo yaliyoliwa kuliko ya wote. Mama Hassani alilima peke yake tangu mume afariki. Shamba lile ndilo lilikuwa karo na ugali. Hassani alimwambia mwenzake, nikamsikia, kwamba ni heri apate sifuri kuliko kukaa benchi moja na mtoto wa Masanja.

Sifuri aliipata. Kisha akapata nyingine. Halafu Mwalimu Neema, mwalimu wa Kiingereza, akawapa insha ya msimu wa kilimo. Wanangu, jaribuni. Mbegu, udongo, kupanda, majira, jua, sepetu: kwa Kiingereza karibu yote yako kwenye S, na mwalimu alikuwa ameyatamka tu, tahajia wakaitafute wenyewe. Mtoto wa mkulima anataka kuandika habari za shamba la mama yake, na shamba lote liko dirishani kwa Minza.

Nilikuwa nyuma ya darasa nabandika jalada la C lililokuwa limepasuka. Nikamwona Hassani ameinuka. Akafika pale akasimama, mikono mfukoni. Minza hakumtazama, alisogea tu, akamsukumia kijitabu. Hassani akakaa pembeni kabisa, nusu ya kalio hewani, akatafuta mbegu, akaandika, akaondoka. Akarudi kwa ajili ya udongo. Akarudi tena. Mara ya nne hakuondoka, akakaa vizuri, maana njia ilikuwa inamchosha.

Hassani alipokifunga kijitabu, Minza akamwuliza kwa sauti ndogo, "Kwenu mahindi yalibaki?"

Hassani akainua kichwa. Nikasema moyoni, leo patachimbika.

"Yalibaki ya kule mtoni," akasema.

"Baba alimpiga sana yule kaka yetu aliyekuwa anachunga."

Hassani akaendelea kuandika. Lakini kesho yake alikaa palepale, na wengine walipomwona amekaa wakaona kumbe hakuna kinachouma. Kabla muhula ule haujaisha, benchi la Minza likawa ndilo limejaa kuliko yote. Alikuwa anajua nani anaandika nini, nani hajala, nani kafiwa. Kiswahili chake kikafunguka, akaanza hata kutania. Siku moja aliniambia, "Madamu, mimi nina mgeni kila saa, hata chai sijapata nafasi ya kuwapikia." Nilicheka nikaingia maktaba nikacheka tena.

Mwaka uliofuata zikaja mashine. Kulikuwa na kijana tuliyemsomesha, alikuwa amepata kazi kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi, anapokea mizigo ya wageni. Hakutusahau, Mungu ambariki. Alimweleza mgeni mmoja habari za shule yetu, na mgeni akatuma kamusi za mashine, moja kwa kila safu ya madawati. Kakitu kadogo kama kalkuleta, unabonyeza herufi, neno linatokea na maelezo yake kwa Kiingereza chepesi. Ukibonyeza pembeni inatamka. Siku ya kwanza hakuna aliyesoma, mashine zilitamka majina ya wanyama mpaka betri zikapata moto.

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilimfuata Mwalimu Neema ofisini nikamwambia hivyo vitu vitawafanya wavivu. Yule binti alikuwa mdogo kwangu lakini hakunidharau. Alisema, "Dada, mtihani wa taifa hautawasubiri wazunguke darasa. Na humu wanasikia neno linavyotamkwa, hata mimi mwenyewe nimejisahihisha." Alikuwa anasema kweli. Alama zilipanda, na Minza mwenyewe alizipenda mashine kuliko wote, kwa kuwa ziliruka Kiswahili zikaenda moja kwa moja. Alisema kwenye mashine wote wanaanza sawa.

Basi na jibu lenu nawapa hapa hapa, msije mkanivizia mwishoni. Ya simu ni nzuri. Mimi ninayo, na herufi zake nazikuza mpaka zinataka kunipa shikamoo. Macho haya kamusi ya kitabu hayaiwezi tena. Ya simu inafika haraka, hailiwi na mende, na hakuna wa kuishona miguu juu. Ya kitabu nzuri yake ni kwamba ukitafuta neno moja unapishana na mengine njiani, na unachokutana nacho njiani wakati mwingine ndicho ulichokuwa unakihitaji. Mwenye vyote viwili atumie vyote. Mmeridhika? Sasa niacheni nimalize ya Minza, maana hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa.

Mashine ilikuwa inapita mkono kwa mkono kwenye safu. Hakuna anayeinuka. Darasa likawa tulivu, wakaguzi wangelipenda. Vile vijitabu vinane vikarudi kwenye rafu yangu. Nilipopita dirishani nilimkuta Minza kwenye benchi lake, nafasi mbili wazi pembeni yake. Hawakumchukia, la. Hawakuwa na sababu ya kufika tu. Hassani alimpungia mkono kutoka kwenye safu yake.

Mwaka huo huo ukame ukaja, bonde likakauka, na Mzee Masanja akaamua kuhamisha ng'ombe kwenda kusini, mbali. Minza alikuja maktaba akanieleza amesimama, kama mtu anayesoma tangazo. Jumamosi wanaondoka. Nikamwuliza, shule je? Akasema baba hana mtu wa kumwachia. Kisha akaomba kupanga vitabu kwenye rafu, akavipanga, vilikuwa vimepangika tayari.

Huyu mtoto alikuwa amebakiza miaka miwili na kitu. Akienda na ng'ombe, shule imekwisha, na nyumbani kwao mahari ilikuwa imeshaanza kunong'onwa. Sikulala vizuri. Kulipokucha nilimfuata Mzee Masanja kambini nikamwambia Minza akae kwangu.

Alinipa kigoda, akanipa maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, nakushukuru. Lakini wewe ni mtumishi. Leo uko hapa, kesho barua imekuja, umefunga virago umeenda Mpwapwa. Mwanangu nitamtafuta wapi?"

"Hawajanihamisha miaka yote hii, mzee."

"Hawajakuhamisha bado." Akachora chini kwa fimbo. "Mimi ni mtu wa kuhama, namjua mtu wa kuhama mwenzangu. Mwanangu nitamwacha kwa mtu mwenye kaburi la mzazi wake hapa. Huyo hataondoka."

Nikahesabu makaburi yangu. Baba yangu amezikwa Mamboya, na mama yangu kazikwa kwao Berega. Nilimaliza maziwa yangu nikarudi.

Darasani niliwaambia ukweli. Nilisema Minza anaondoka Jumamosi kwa sababu hakuna wa kukaa naye, na baba yake anataka mwenyeji wa hapa. Sikumwomba mtu. Mashine zilikuwa mikononi mwao, nikaona vidole vimesimama. Hassani aliinamisha kichwa, hakukiinua mpaka kengele.

Ijumaa Mzee Masanja akaja shuleni kumuaga mkuu wa shule. Mkuu alikuwa Kilosa mjini, kwa hiyo nikamkaribisha maktaba asubiri, Minza akiwa na begi lake pembeni. Hatujakaa sana, mlango ukafunguka, akaingia Mama Hassani. Miguu ina tope, ametoka shambani hivyo hivyo, kanga kiunoni. Alipomwona Masanja alisimama. Mara ya mwisho hao wawili kuwa chumba kimoja ilikuwa kwenye baraza la kata.

"Shikamoo, mzee," akasema. Shikamoo ile ilipita kwenye meno kwa shida, lakini ilipita.

"Marahaba, binti."

Mama Hassani hakukaa. Alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeshtakiwa. "Madamu, mwanangu mwaka mzima uliopita alikuwa akirudi jioni ananitajia msichana mmoja. Eti, leo nilikaa kwa Minza. Minza kaniambia hivi. Minza hana ndala, mama, ile pea yako ya zamani iko wapi? Nikatoa ndala. Nikamwuliza, huyu Minza ni mtoto wa nani? Akanijibu, ni wa S, mama. Nikajua ni mambo ya shule."

Minza akaangalia miguu yake. Ndala za kijani, nyuma zimelika.

"Jana ndiyo ananiambia ni mtoto wa huyu." Akamwonyesha Masanja kwa kidevu. "Ningejua mapema ningemkataza, Mungu shahidi. Ndala ningechoma. Sasa nifanye nini? Nimeshamzoea. Nimemwombea dua alipougua, nimetuma maembe. Siwezi kumrudisha nyuma awe mtu nisiyemjua."

Mzee Masanja alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Binti, mahindi yako..."

"Ya mahindi yalizungumzwa. Sikuja na mahindi." Akavuta pumzi. "Atakaa kwangu. Atalala na binti zangu. Atalima tukilima, atasoma wakisoma. Ng'ombe wako ndio sitaki kuwaona, wapitishe mbali."

Nikaona masharubu ya yule mzee yanacheza, sijui ni kicheko au ni nini. Akauliza, "Sisi ni watu wa kanisa. Jumapili?"

"Kanisa lile pale, na miguu anayo. Nguruwe tu ndiye sipiki."

Masanja akamtazama mwanawe, akamtazama mama yule, kisha akauliza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Binti, una kaburi hapa?"

Hapo ndipo uso wa Mama Hassani ulipolegea.

"La mama yangu," akasema. "La baba yangu. La mume wangu. Na la babu, ambaye alikuja kukata mkonge hana hata ndugu mmoja huku, akapewa pa kulala na watu ambao hakujua hata kuwasalimia kwa lugha yao. Yote yako nyuma ya shamba lile lile lililoliwa na ng'ombe wako. Twende nikuonyeshe."

Akatoka bila kusubiri jibu. Mzee Masanja akainuka, akavua kofia yake, akamfuata. Niliwaona dirishani wakishika njia ya shambani, mama mbele na mzee nyuma.

Minza alikuwa amesimama katikati ya maktaba, begi mkononi, machozi yanamtoka bila sauti.

"Madamu," akaniuliza, "niwasubiri hapa au niende darasani?"

Nikalichukua lile begi nikaliweka chini ya meza yangu, nikamwambia aende darasani, kipindi kilikuwa kimeshaanza.